Mama anabadilishiwa goti baada ya wiki tano: alipumzishe, na akitoka arudi nyumba ipi?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 67, anaishi Mbagala kwenye nyumba yake mwenyewe. Goti la kulia limesagika na amepangiwa kubadilishiwa goti pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wiki tano zijazo. Ana kisukari na presha, anatumia dawa. Majirani wanamwambia alipumzishe goti kabisa ili aingie kwenye upasuaji likiwa halijachoka, ale bamia na supu ya kongoro ute urudi, na kwamba akishapasuliwa atalala kitandani miezi mitatu. Choo chake ni cha kuchuchumaa na kiko uani. Mimi nimepanga Kinondoni, ghorofa ya tatu, hakuna lifti, ila choo ni cha kukaa. Nimchukue kwangu au arudi kwake? Niandae nini? Na goti la kushoto nalo limeanza kumsumbua."

Marahaba, na mama mfikishie shikamoo yangu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari mpasuaji. Sisi ndio tunaomkuta mgonjwa kitandani, goti limefungwa bandeji, tukamwambia, "Mama, leo tunasimama." Nitakujibu nikiwa upande huo wa kitanda.

Naona una hofu mbili: usije ukamharibia kabla ya upasuaji, na usije ukakosea nyumba baada ya upasuaji. Nianze na maneno ya majirani, maana hayo yanaweza kuvuruga kazi hata kabla mama hajalazwa.

Kulipumzisha goti kabisa kwa wiki tano ni ushauri mbaya, hata kama umetolewa kwa mapenzi. Goti la mama halijachoka. Gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa, limelika mpaka mfupa unasuguana na mfupa. Mpasuaji ataondoa tabaka jembamba la mfupa pamoja na mabaki ya gegedu, milimita chache tu, avalishe ncha ya mfupa wa paja kofia ya chuma, aweke bamba la chuma juu ya mfupa wa muundi, na katikati plastiki ngumu. Hiyo ndiyo "kubadilisha goti". Hakuna goti zima linalokatwa na kutupwa. Na msuli wa paja, ambao ndio utakaomwinua mama kwenye kiti na kumzuia asidondoke, haubadilishwi na mtu. Atatoka na ule ule aliouingiza.

Tatizo ni kwamba msuli huo tayari umedhoofu. Goti likivimba na kuuma, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo hupunguza amri inayokwenda kwenye msuli wa paja. Msuli upo, waya upo, ila ni kama nyumba ambayo umeme wa LUKU umekwisha. Mama akisema "mguu unanikatikia nikishuka ngazi", si uvivu wala uzee, ndiyo hiyo hali. Upasuaji wenyewe huongeza uvimbe, kwa hiyo katika mwezi wa kwanza nguvu ya msuli wa paja hushuka kwa nusu au zaidi. Mtu aliyekaa kwenye kochi wiki tano akipoteza nusu, anabaki na nini?

Niwe mkweli pia: mazoezi ya kabla ya upasuaji si muujiza. Faida yake huonekana zaidi katika wiki za mwanzo, na baada ya miezi kadhaa tofauti kati ya aliyefanya na asiyefanya hupungua. Lakini wiki hizo za mwanzo ndizo za kwenda chooni usiku na kuanguka, kwa hiyo mimi nayathamini.

Afanye hivi. Akae kitandani, mguu umenyooka, aweke taulo lililokunjwa chini ya goti, kisha alibonyeze taulo kwa nyuma ya goti huku akivuta vidole vya mguu kuelekea usoni. Ahesabu tano, aachie. Arudie mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Wewe weka kiganja juu ya paja lake, sentimita chache juu ya goti: unatakiwa kusikia nyama ikikaza. Kama halikazi chochote, usimgombeze. Mwambie afanye kwanza kwa mguu wa kushoto, kisha miguu yote miwili pamoja, mara nyingi wa kulia utafuata. Zoezi la pili ni kusimama na kukaa kwenye kiti kirefu chenye mikono, mara kumi, akijisukuma kwa mikono yake. Hapo anatayarisha pia mabega, maana woka, ile fremu ya kutembelea, inasukumwa kwa mabega. Goti likiuma kidogo wakati wa zoezi si kosa. Likivimba na kuuma mpaka kesho yake, apunguze idadi.

Bamia ale, ni mboga nzuri hasa kwa mtu wa kisukari. Ila ute wa bamia unaishia tumboni kama chakula kingine. Ute wa goti hutengenezwa na utando ulio ndani ya goti lenyewe, na gegedu lililokwisha halirudishwi na sufuria lolote. Supu ya kongoro ina mafuta, na ikikolezwa chumvi haiipendi presha. Samaki, maharage, mayai na dagaa vitamsaidia zaidi kujenga msuli na kufunga kidonda.

Sasa hiyo miezi mitatu kitandani. Katika hospitali nyingi mgonjwa husimamishwa siku ile ile au kesho yake, na hutembea na woka kabla ya kuruhusiwa, kwa kawaida baada ya siku chache. Nyuzi za kidonda hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Woka au magongo humsindikiza kwa takriban wiki sita, wengine chini ya hapo. Uvimbe huweza kukaa miezi mitatu hadi sita, na goti huendelea kuimarika mpaka mwaka mzima. Kulala tu ndiko kunakoleta damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, kifua kuziba na goti kukakamaa.

Mama pia ajue asichoahidiwa. Takriban mtu mmoja kati ya watano haridhiki kikamilifu na goti jipya, hata pale ambapo upasuaji ulikwenda vizuri. Upande wa nje wa kovu ngozi hufa ganzi, na sehemu ya ganzi hiyo huweza kubaki. Kupiga magoti hakuvunji kipandikizi, yaani vile vyuma na plastiki, lakini wengi hawafurahii, kwa hiyo kama ni mtu wa kuswali, ajizoeze kuswalia kwenye kiti tangu sasa. Kuchuchumaa kabisa wengi hawarudii. Kwa upande wa pili wa mizani, goti lililowekwa vizuri hudumu sana: kati ya magoti 10, takriban 8 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25.

Kabla sijafika kwenye nyumba, niseme neno kuhusu mto, maana hapa ndipo ndugu wenye upendo wanapoharibu kuliko mahali popote. Mgonjwa akirudi nyumbani, mtu wa kwanza anayeingia chumbani huchukua mto na kuusukuma chini ya goti. Mama atasema "ahsante mwanangu", maana goti lililokunjwa kidogo huuma kidogo. Lakini likikaa hivyo usiku na mchana, kano za nyuma hufupika na goti hukataa kunyooka. Mguu usionyooka ni mfupi, mtu anachechemea, kiuno kinaanza kuuma, na hapo goti jipya halina kosa lolote. Mto au taulo liwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie hewani lijinyooshe kwa uzito wake, dakika kumi hivi, mara kadhaa kwa siku. Inauma. Waambie wote watakaokuja kumtazama mgonjwa, na hasa yule shangazi mwenye amri.

Na wasimkande. Kukanda goti kwa maji ya moto na kuchua shavu la mguu ni mazoea yetu ya kila msiba wa viungo, lakini maji hayo huloanisha kidonda, joto huongeza uvimbe, na kama kuna damu iliyoganda kwenye shavu la mguu, kulichua kunaweza kuisukuma damu hiyo mpaka kwenye mapafu. Kinachotakiwa ni barafu. Iponde, ifunge kwenye kitambaa, iwekwe juu ya bandeji ikiwa ndani ya mfuko usiovuja, dakika 15 hadi 20, kisha iondolewe.

Tuje kwenye choo, ambacho kwangu ndicho swali lako kubwa. Kuchuchumaa hudai goti likunjwe zaidi ya nyuzi 130 za pembe, goti lililonyooka likiwa sifuri. Goti bandia lililokwenda vizuri hufika kama 110 hadi 120, tena baada ya miezi. Wiki ya kwanza mama anaweza kuwa na nyuzi 70 au 80 tu. Kwa hiyo choo cha kuchuchumaa hakiwezekani, na kushikiliwa na watu wawili si suluhisho, kutamwangusha yeye pamoja na nyinyi.

Mna njia tatu. Ya kwanza, fundi atoe sinki la kuchuchumaa na kuweka la kukaa. Ni nzuri kuliko zote kwa mtu ambaye goti la pili linakuja, ila ianze wiki hii, saruji ikauke na kasoro za fundi zionekane mama akiwa bado anatembea mwenyewe. Ya pili, seremala achonge kiti cha mbao chenye tundu, kikae juu ya choo kilichopo. Mafundi wa Keko, au wa mtaani kwenu, watakielewa ukiwachorea: mbao nzito, miguu iliyotanuka, mikono pande zote mbili, na raba chini ya kila mguu. Usikubali kile kiti cheupe cha plastiki kilichotobolewa, miguu yake hutanuka kwenye sakafu yenye maji. Ya tatu ni kiti cha choo chenye ndoo, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba, kikae chumbani kwa ajili ya usiku. Mimi ningechanganya ya kwanza au ya pili na ya tatu, kwa sababu safari ya uani saa nane usiku, mvua inanyesha na umeme umekatika, sitaki aifanye katika wiki mbili za mwanzo.

Kimo cha kiti usikisie. Mama asimame akiwa amevaa viatu vyake, pima kutoka sakafuni mpaka kwenye mkunjo wa nyuma ya goti, ongeza sentimita tano. Kwa wengi inakuja kati ya 45 na 50. Kimo hicho hicho kitumie kwa kitanda na kwa kiti cha sebuleni. Kisha pima upana wa mlango wa choo kwa tepu ya fundi na ulinganishe na woka yenyewe. Watu wengi hununua woka wakaja kugundua mlangoni kwamba haipiti, na mgonjwa anaingia kwa kuishika kuta. Mpini wa woka uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, mikono ikiwa imening'inia. Na anapokaa, autangulize mbele mguu uliopasuliwa, apeleke mikono nyuma kwenye mikono ya kiti, ndipo ashuke. Asivute woka anapoinuka, itamfuata.

Mbagala au Kinondoni? Ghorofa ya tatu haimzuii mtu mwenye goti jipya. Kabla hajaruhusiwa aombe kufundishwa ngazi: wakati wa kupanda unatangulia mguu mzima, wakati wa kushuka unatangulia uliopasuliwa. Shida ni kwamba akishapanda hatashuka. Kila safari ya kutoa nyuzi na ya mazoezi itakuwa vita ya ngazi, na siku zilizobaki atakaa chumbani akitazama televisheni, wewe uko kazini. Kwake ana ua wa kuzunguka na majirani wa kumpigia soga, na mtu mwenye sababu ya kutoka nje hutembea zaidi kuliko mgonjwa niliyemwandikia ratiba.

Mimi ningemrudisha Mbagala kwa masharti mawili: choo kiwe kimekamilika na amekijaribu kabla ya kulazwa, na mtu mzima mwenye nguvu alale pale angalau wiki mbili. Mjukuu wa miaka kumi hatoshi. Sharti moja likikosekana, mpeleke kwako bila kujilaumu, akae mpaka nyuzi zitoke. Ulizeni pia kama mazoezi anaweza kuendelea nayo hospitali ya karibu na kwao, Temeke kwa mfano, badala ya kuvuka jiji kila mara.

Siku ya kutoka hospitali asipande bajaji. Tafuta gari dogo, kiti cha mbele kirudishwe nyuma kabisa. Aanze kukaa kwa makalio, kisha miguu iingizwe taratibu. Kitenge kinachoteleza juu ya kiti husaidia kugeuka.

Ndani ya nyumba, ondoa mikeka na vizulia, nyaya za feni sakafuni, na ndala. Avae kiatu kilichofungwa nyuma. Chandarua kisiburuzike mpaka chini upande anaoshukia, maana woka na chandarua gizani havipatani, kichomekwe chini ya godoro na afunguliwe upande mmoja. Taa ya kuchaji ikae mkono wake unapofika. Kuoga akae kwenye kiti imara, ndoo iwe juu ya kigoda kirefu, kopo mkononi, na kidonda kisiloe mpaka hospitali waruhusu. Jikoni, jiko la mkaa lililo chini na mbuzi ya kukunia nazi avisahau kwa miezi. Jiko la gesi liwe juu ya meza, na akipata nguvu akae kwenye kiti kirefu achambue mchicha. Msimfanyie kila kitu. "Kaa mama, nitakuletea" ikisemwa mara ishirini kwa siku ni hatua mia kadhaa mmemnyima.

Mambo ya kidaktari nitayapita haraka kwa sababu timu yake itayashika, ila wewe ndiye utakayeyawahi. Apime mapema kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c). Wapasuaji wengi hutaka kiwe chini ya asilimia 8, kwa sababu sukari ikiwa juu kidonda hupata maambukizi kirahisi. Wakiahirisha ili sukari ishuke, wanamlinda. Apime na wingi wa damu, na muulize kama ndugu watatakiwa kuchangia damu. Kama amechomwa sindano ya goti ndani ya miezi mitatu iliyopita, aseme, kwani zile za steroidi huongeza hatari ya maambukizi na huenda tarehe ikasogezwa. Jino bovu, kidonda mguuni, fangasi katikati ya vidole na mkojo unaochoma vitibiwe sasa. Asinyoe goti kwa wembe nyumbani, mikwaruzo ile ni milango ya bakteria.

Andika dawa zote kwenye karatasi, pamoja na diklofenaki ya duka la dawa na mitishamba ambayo hataki kuitaja mbele ya daktari. Diklofenaki hupandisha presha na kuumiza figo. Aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda asiache wala kuendelea nazo kwa kukisia, aulize. Vivyo hivyo dawa za kisukari za asubuhi ya upasuaji. Na akiambiwa afunge, uji na chai ya maziwa ni chakula.

Akishapasuliwa, joto kwenye goti, uvimbe, michubuko inayoshuka mpaka kwenye kifundo na usingizi mbaya wiki ya pili na ya tatu ni mambo ya kawaida. Anywe dawa ya maumivu kama nusu saa kabla ya mazoezi, si baada ya kulia. Lakini shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Akiishiwa pumzi au kifua kikimchoma, ni dharura, msisubiri kupambazuke. Kidonda kikitoa majimaji au usaha, homa ikapanda, goti likawa la moto na linang'aa kuliko jana, rudini kwa waliompasua. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo amini mkono wako kuliko macho. Msinunue antibiotiki mtaani kwanza: zitapunguza dalili na kuficha aina ya bakteria kabla sampuli haijachukuliwa, na maambukizi yatabaki yamejificha kwenye chuma. Akianguka, apigwe picha hata kama anasema hajaumia. Na kama wiki ya sita goti halijafika pembe ya mraba au halinyooki, mpasuaji alione bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Goti la kushoto lisubiri. Wapo wanaobadilishiwa yote mawili kwa mpigo, lakini kwa umri wake, na kisukari na presha, ningependa moja moja, na wapasuaji wengi huacha angalau miezi mitatu kati ya goti na goti. Mara nyingi la pili hupumua kidogo likisaidiwa na la kwanza. Yale mazoezi ya taulo afanye kwa miguu yote miwili, kuanzia leo jioni.